Minazi Ishirini na Benki Tatu

Kibarani, Kilifi
3 Machi 2024

Mwanangu Zipporah,

Mimi mamako nipo. Magoti yananisema asubuhi, jua likipanda yananyamaza. Mvua bado. Kuku mwekundu ameangua vifaranga tisa, kunguru akala wawili, kwa hiyo kama atakuuliza mtu sema saba. Kanisani wote wanakusalimu, na wale ambao hawakusalimu ni kwa sababu hawakujua naandika.

Sasa hilo la Jumapili. Ulipiga nikiwa na kina mama wa chama, tunasuka makuti, simu nimeibana sikioni kwa bega. Nikasikia kwa masikio yangu haya mawili: "Mama, nimenunua Benki ya Montreal." Halafu simu ikakatika. Zipporah! Nililisimamisha kuti hewani. Nikawaambia wenzangu, "Mwanangu amenunua benki." Wakanyamaza wote kumi, na wewe wajua wale hawanyamazi hata pasta akiomba.

Kufikia jioni Kibarani nzima inajua. Mzee Dzombo, ambaye miaka yote hunisalimu kwa kidevu, alisimama njiani akaniita mama. Rizwana wa dukani anauliza mkopo wenu ni riba ngapi. Watu wanne wameleta vyeti vya kazi, mmoja anataka ulinzi wa getini, nimemwambia asubiri kwanza uzoee. Mwalimu mkuu alicheka, akasema benki hainunuliwi na mtu mmoja. Wivu. Mtoto wake yuko Mariakani anapima maziwa.

Naandika barua kwa sababu simu inakata maneno mazuri. Okoth wa saiba, mwenye kompyuta, ataipiga picha aitume, shilingi hamsini. Ya kwako ataichapa nipate kuishika mkononi.

Niambie, benki yenyewe ina matawi mangapi?

Mamako Kache

*

Hamilton, Ontario
24 Machi 2024

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kwenye basi, abiria wa pembeni akaniuliza kama nalia au nacheka. Huku theluji inayeyuka, viatu vinashinda majimaji. Niko salama. Nimefurahi kuku ni saba.

Mama, naomba ukae chini. Sikununua benki. Nilisema nimenunua *hisa za* Benki ya Montreal, simu ikameza maneno mawili. Hisa ni kijisehemu. Benki imekatwa vipande mamilioni, mimi nimenunua vichache sana. Nina vya benki tatu: Royal, Montreal na Nova Scotia. Jumla yake ni dola elfu kumi na moja, akiba yangu ya miaka mitano, sina nyingine. Benki ikipata faida, wenye hisa tunapata mgao wetu kila miezi mitatu. Ndiyo maana nilizitaka. Siku moja nataka mgao huo uwe unakuja kwako, uache kusuka makuti na magoti hayo.

Wale watu wanne warudishie vyeti, tafadhali, kwa upole. Na barua hii usiwasomee kina mama.

Mwanao akupendaye,
Zipporah

*

Kibarani
14 Aprili 2024

Zipporah mwanangu,

Marahaba, na Mungu akuweke. Mvua imeanza, paa linavuja mahali pamoja tu na hapo nimeweka ndoo. Vifaranga ni sita.

Barua niliisoma kwa kina mama. Usinikasirikie, walikuwa wanangoja. Nilipofika hapo pa mgao nikashika kifua. Mgao? Nani amefariki? Hapa kwetu mtu akisema anangoja mgao wake ujue kuna kaburi bichi. Na wewe unasema kila miezi mitatu! Nikasema hiyo benki wanakufa sana, mwanangu asije akashikwa na ugonjwa wao. Mama mmoja akaanza kuomba. Nikakimbia kwa Okoth na leso begani, akacheka mpaka akashika meza. Akasema hilo ni gawio, hakuna aliyekufa, ni faida inagawiwa. Sasa nawe, ukijua neno la sawa si uliandike?

Lakini nilipolala nalo nikalielewa kuliko Okoth. Hiyo ni minazi! Minazi ishirini ya marehemu babako imesimama kwenye shamba la watu. Ardhi si yetu, hatuwezi kujenga hata choo, lakini mti ni wetu na kila mtu anajua. Nawe nyumba ya benki si yako, meza si zako, ila una mti wako humo ndani. Na nazi huanguliwa kila miezi mitatu! Nimewaeleza kina mama hivyo na wote wameelewa, hata mwalimu mkuu alisema hajawahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo. Kwa hiyo mimi sasa ndiye ninayeeleza hisa hapa Kibarani. Wananiita Mama Benki. Sikuwakataza.

Sasa niambie kama mtu mzima: katika hizo tatu, upi mnazi mrefu na upi kitamli, ule mfupi? Kitamli unazaa upesi na kwa wingi, unauangua ukiwa umesimama chini, lakini hauna maisha. Mrefu unakuchosha kungoja, kisha unawalisha wajukuu. Usiniambie yote ni sawa. Hakuna minazi iliyo sawa.

Mimi nashinda chini ya ile minazi yetu, naokota makuti, nasuka, gari linapeleka Malindi kule Shella kwenye mahoteli. Maisha yamepanda. Nazi moja kwa Rizwana imefika shilingi hamsini, ndogo kama ngumi.

Mamako Kache

*

Hamilton
2 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa. Huku jua limetoka, watu wamevua makoti na wanakaa barazani kama Kilifi. Nakula vizuri. Nalala vizuri.

Swali lako nimelifanyia kazi jioni tatu, maana hata mshauri wa benki hakuniuliza vizuri hivyo. Benki kubwa za huku ni sita, mimi nakueleza hizi zangu tatu.

Nova Scotia ndiyo kitamli chako. Mwaka huu, kwa kila dola mia uliyonunulia, inatoa gawio la dola sita na kitu kwa mwaka. Royal haifiki nne. Ukitazama gawio peke yake utasema Royal ya nini. Lakini nikarudi nyuma miaka kumi. Mtu aliyeweka dola elfu moja Royal, na kila gawio akalitumia kununua hisa nyingine badala ya kulila, leo ana karibu elfu tatu. Aliyefanya hivyohivyo Nova Scotia hajafika elfu mbili. Gawio lilikuwa kubwa, mti wenyewe haukurefuka. Montreal iko katikati, na hiyo ina sifa yake: imetoa gawio tangu mwaka 1829 bila kuruka mwaka hata mmoja. Na mwaka 2008, benki nyingi duniani zilipokata gawio, hizi tatu hazikupunguza.

Lakini hiyo ni miaka iliyopita, Mama. Bei hupanda na kushuka, na hakuna aliyeniahidi kwamba miaka kumi ijayo itakuwa hivyo. Ndiyo maana nimeshika tatu. Na inategemea mwenyewe anataka nini. Anayehitaji kula sasa, kitamli kinamfaa. Anayeweza kungoja achukue mrefu.

Sasa na mimi nina swali. Umesema nazi kwa Rizwana ni shilingi hamsini. Wewe una minazi ishirini. Tangu lini mwenye minazi akajua bei ya nazi dukani? Nimezitoa barua zako zote nikazisoma tena. Kuna makuti, makuti, makuti. Hakuna nazi hata moja.

Mama, nazi zinakwenda wapi?

Zipporah

*

Kibarani
23 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Kuku wote wazima. Mvua imeharibu njia ya kanisani lakini tunapita.

Hiyo Montreal nimeipenda sana. Nilimwambia Rizwana 1829, akasema babu yake aliyekuja kufungua duka alikuwa bado hajazaliwa. Ningekuwa mimi ningeweka nusu Royal na nusu Montreal, Nova Scotia ningeacha kidogo ya kuonja. Hilo ni wazo langu, na mimi darasa la tano. Fikiria ningemaliza.

Nina jambo dogo. Okoth anasema barua yako ya mwisho ilitoka kwako Jumatano, saa nne asubuhi ya huko. Ile ya Machi nayo siku ya kazi, mchana. Na zamani ulikuwa unanitajia wale wazee unaowatunza, yule anayeficha meno yake kwenye soksi, yule bibi anayekuita Mary. Mbona siku hizi hawamo? Wamepona wote?

Mamako

*

Hamilton
7 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Hujanijibu.

Nakuuliza mara moja, wazi. Mwaka 2019 ulinipa laki moja na ishirini za nauli na viza. Ulisema chama kilikukopesha. Chama chenu ni wanawake kumi na mmoja wanaosuka makuti. Mnaweka shilingi mia kwa wiki. Nimekaa hapa na kalamu, haziwezi kufika.

Minazi iko rehani, au sivyo? Kwa nani? Niambie neno moja tu, nitauza hisa za Nova Scotia wiki hiyohiyo.

Zipporah

*

Kibarani
15 Septemba 2024

Zipporah mwanangu,

Nimekaa miezi miwili bila kukuandikia. Kalamu nilikuwa nayo, karatasi nilikuwa nayo. Okoth kila nikipita ananiuliza, "Mama Benki, leo hatutumi?" Nampungia mkono.

Ni kwa Mzee Dzombo.

Wewe ulizaliwa hapa lakini rehani hukuisikia vizuri, wasichana hamkai kwenye mazungumzo hayo. Dzombo alinipa laki moja na ishirini, nikampa minazi ishirini. Siku nitakayorudisha fedha, minazi inarudi. Mpaka siku hiyo nazi ni zake, na anazokula hazipunguzi deni hata shilingi. Ndivyo ilivyo tangu zamani, hakunidhulumu. Mimi nilimwomba kitu kimoja tu: makuti yanayoanguka yawe yangu. Akakubali. Kwa hiyo sikukudanganya nilipoandika nashinda chini ya minazi. Nilikuwa chini yake kweli. Juu ndiko sikuwa na changu.

Sikutaka ujue kwa sababu ungekwenda huko na mzigo mgongoni. Nilitaka upande ndege ukiwa mwepesi. Na sikujuta, usije ukaandika kwamba nilijuta. Watu walileta watoto wao uwanja wa ndege Mombasa wakilia, mimi nilikuwa nawaonyesha wewe. Yule mwenye sanduku jekundu, wangu.

Sasa Dzombo amenijia. Ana miaka sabini na tano, anataka fedha zake kabla ya Krismasi. Kama sina, kuna mtu anaitwa Ndirangu, ananunua minazi anapasua mbao, ameshaizunguka akaipiga alama za chaki. Nimezifuta. Amezirudia.

Lakini usiuze. Nakukataza kama mama. Hizo hisa ni akiba yako yote, umeniandikia mwenyewe huna nyingine. Babako aliipanda ile minazi mwaka tuliooana, 1988, akabeba maji kwa mtungi. Naipenda. Lakini wewe uliibeba hiyo miaka mitano kwa kuinua wazee wa watu. Sitaki mti wako ukatwe ili wangu usimame.

Nimesema yangu yote. Sasa zamu yako. Hao wazee wako wako wapi?

Mamako Kache

*

Hamilton
6 Oktoba 2024

Mama yangu, shikamoo.

Nimesoma mara ngapi sijui. Nilikaa sakafuni jikoni. Nilidhani nimekuwa nikikuandalia zawadi, kumbe kila kitu nilichonacho huku kilianguliwa kwenye minazi ile. Kazini niliwaambia wenzangu nimejilipia nauli mwenyewe. Nilisema hivyo, Mama, kwa sauti. Asante. Neno lenyewe dogo, lakini huku sijapata jingine na Kiswahili changu chote nimekipekua.

Kuhusu wazee. Mwezi wa pili nilimwinua yule bibi anayeniita Mary, mgongo ukalia kama ukuni. Nikakaa nyumbani miezi mitatu. Sasa nafanya nusu siku, mezani, naandika majina ya wanaoingia na kutoka. Daktari anasema mgongo utapona, ila kuinua watu nisahau. Kwa hiyo mshahara ni nusu, na miezi mingine gawio ndilo limenunua mchele. Sikukuambia kwa sababu ungeuza kitu. Sikujua kwamba hukubakiwa na cha kuuza.

Nimepiga hesabu. Deni ni kama dola elfu moja na mia tatu. Nikiuza hisa ni zaidi ya sehemu moja kwa tisa ya akiba yangu, na gawio lake nalo linapotea milele. Nikingoja gawio, ni kama dola mia na thelathini kila miezi mitatu, shilingi elfu kumi na mbili hivi. Hiyo inakomboa minazi miwili tu kila mara. Dzombo hatangoja.

Sitauza bila ruhusa yako. Lakini Desemba ikifika na alama za chaki bado zipo, Mama, nitauza na utanikasirikia.

Zipporah wako

*

Kibarani
17 Novemba 2024

Zipo,

Marahaba, mwanangu. Mgongo upakae mafuta ya nyonyo ya moto, si ya vuguvugu. Na usiiname. Hayo mengine ya mgongo nimelia peke yangu, nimemaliza, tuendelee.

Nilikwenda kwa Dzombo. Nilivaa leso yangu mpya na barua zako zote nikazitia kwenye bahasha kama wakili. Nikapiga hodi.

"Mama Benki!" akasema. "Umekuja kunipa tawi?"

"Nimekuja kwa minazi yangu."

"Fedha unazo?"

"Ninazo za minazi miwili. Kila baada ya miezi mitatu, miwili."

Akacheka. "Kache, rehani haikombolewi nusunusu. Nina miaka sabini na tano, sijaona."

"Hujaona, utaona. Ndirangu anakupa ngapi kwa mti?"

"Elfu nne."

"Na mwakani anakupa ngapi kwa mti huohuo?"

Akanitazama. "Mwakani mti si umekuwa mbao?"

"Basi. Elfu nne na kwaheri. Mimi nakupa elfu sita kwa mti, ileile niliyochukua. Na ile kumi na minane inayobaki unaendelea kuiangua kama kawaida, na wewe bado unakula. Piga hesabu, Mzee. Anayeuza kwa Ndirangu anapoteza elfu mbili kila mti na nazi juu yake."

Mkewe alikuwa jikoni anasonga sima. Nikasikia mwiko umesimama.

"Hizo elfu sita zinatoka wapi?" akauliza. "Kwenye makuti?"

"Montreal."

"Montreal wakiacha kutoa?"

Nikatoa karatasi. "Wanatoa tangu 1829. Babako alikuwepo?"

"Hata babu yangu hakuwepo!"

"Basi kabla babu yako hajaota jino, hawa walikuwa wanagawa. Wewe ndiye utakayewafundisha kuacha?"

Mkewe akacheka huko jikoni mpaka akakohoa. "Mpe mwanamke minazi yake," akasema, "umekula nazi miaka mitano, hata soni huna!"

Zipporah, nikajishughulisha na bahasha yangu. Mwanamke akianza kunisaidia mimi nanyamaza.

Dzombo akakuna shingo. Tukabaki kwenye kuchagua. Nilijua atanipa ile miwili mibaya ya mwisho. Lakini yeye anang'ang'ania vitamli, hataki viguswe! Anasema, "Mimi mrefu wa nini, kwa miaka hii? Niachie vinavyozaa sasa." Ulivyoniandikia vilevile, anayehitaji kula leo. Nikamwambia, "Hewala, Mzee, vitamli kaa navyo mpaka mwisho." Nikachukua mirefu miwili ya upande wa kisima, aliyoanza nayo babako.

Tumeandikiana kwa Okoth, nakala mbili. Chaki nimezifuta zote ishirini mbele yake. Ndirangu aliambiwa aende zake, akapanda pikipiki kwa hasira akasahau futi yake ya kupimia. Nimemhifadhia.

Sasa tuma. Lakini tuma gawio, usiguse mti.

Mamako Kache

*

Hamilton
8 Desemba 2024

Mama, shikamoo.

Gawio la Nova Scotia liliingia mwisho wa Oktoba, la Royal na Montreal mwisho wa Novemba. Nimetuma elfu kumi na mbili kwa simu yako leo asubuhi, kabla sijavaa viatu. Sikuuza kitu. Barua yako kuhusu Dzombo nilimsomea bibi anayeniita Mary, nikamtafsiria. Akasema wewe unafaa kukaa kwenye bodi ya benki.

Nimefurahi, Mama. Nimefurahi mpaka naogopa kuandika zaidi. Wakiangua mara ya kwanza niambie zimetoka ngapi.

Zipporah

*

Kibarani
9 Februari 2025

Zipporah mwanangu,

Pokea salamu za mtu aliyeshiba. Jua ni kali, kisima kipo chini. Magoti hivyohivyo. Kanisani nilitoa ushuhuda, pasta akaniomba nifupishe.

Fedha nilimhesabia Dzombo mkononi, akanirudishia minazi miwili mbele ya mkewe na Okoth. Nikangoja mpaka zamu ya kuangua ifike, nisiharakishe nazi zikatoka changa.

Alhamisi akaja Chengo mkwezi na kamba yake. Akaiangua ya Dzombo kwanza. Mimi nilikuwa naokota makuti kama siku zote, nimeinama. Akapanda ule mrefu wa kisimani. Alipofika juu akaita, "Niangue zote au nibakishe madafu?"

Nikaendelea kuokota. Miaka mitano swali hilo linapita juu ya kichwa changu kwenda kwa Dzombo, na Dzombo ndiye anayejibu. Nikangoja ajibu. Hakujibu. Nilipoinua uso namwona amekaa kwenye gogo lake, ananitazama mimi.

"Mama Zipporah!" Chengo akapaza sauti. "Nakuuliza wewe! Mti ni wa nani?"

Mwanangu, mimi mwenye maneno, mimi Mama Benki, nilishindwa. Dzombo akasema taratibu, "Mjibu, Kache. Mtu yuko juu."

Nikasema, "Angua zote. Bakisha madafu mawili." Sauti ilitoka kama ya mtoto.

Zimetoka ishirini na saba. Nne nilimpelekea mke wa Dzombo. Kumi nilimpelekea Rizwana, akanipa arobaini arobaini, nikamwambia mbona mimi ulikuwa unaniuzia hamsini, tukagombana vizuri sana, akafika arobaini na tano. Nyingine ziko ndani, nazisikia zikigongana nikifagia. Jana nilikuna mbili nikapika wali, tui zito, nikala peke yangu na nikala kwa ajili yako pia.

Sasa sikiliza. Gawio la mwezi huu nitumie la mnazi mmoja tu. La pili nunua chakula, nyama, mafuta ya mgongo. Nimemwambia Dzombo, amesema hana neno, vitamli vinamtosha. Utasema tutachelewa. Tuchelewe. Ile kumi na minane haiendi mahali, naiona kutoka mlangoni, na sasa hakuna mwenye chaki. Mimi nimejua kungoja kwa sababu yako, na sikuona uzito wake.

Ulisema asante ni neno dogo. Na mimi sina kubwa zaidi. Asante, Zipporah.

Mamako Kache,
mwenye minazi miwili